Spoki Inayobeba Mzigo wa Wenzake

Mahubiri ya Jumapili iliyopita, yameandikwa na mchungaji msaidizi
Masomo: 2 Wafalme 2:19–22 na Kutoka 18:13–24



Jumapili iliyopita nilipanda madhabahuni na spoki ya pikipiki iliyovunjika mkononi. Watoto wakacheka, na mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza kama kanisa limehamia gereji. Kwa ajili yako uliyekuwa safarini, au kazini barabarani, au kitandani kwa ugonjwa, naandika hapa tuliyoyasema. Naandika pia jambo ambalo niliomba radhi mbele ya kanisa zima. Kosa nililofanya nikiwa na cheo cha uchungaji sitaki kulitubia kwa kunong'ona.

Spoki tena

Ndugu mmoja wa kanisa letu, ambaye amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja jina, ni dereva wa boda hapa Samburu. Asubuhi hubeba wanafunzi. Mchana hupeleka maji vijijini, upande wa barabara ya Kinango. Jioni hurudi steji kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kungoja abiria wanaoshuka kwenye matatu. Kama ilivyo kwa vijana wengi walioingia kazi hii tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, pikipiki ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake. Na kama ilivyo kwa wengi, ni ya mkopo. Kila jioni lazima atume shilingi 400. Akikosa siku kadhaa, wenye pikipiki wanakuja kuichukua.

Alikuja kwangu Jumatano moja, siku ya kufunga na kuomba, ameisukuma pikipiki kwa miguu kutoka steji. "Mchungaji, ni spoki tena," akasema. Ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki saba. Gurudumu lile lile la nyuma, upande ule ule. Akibadilisha moja, siku nane hazipiti, ya jirani yake imekatika. Na spoki ikikatika si yenyewe tu. Ncha yake inaweza kutoboa tyubu, na gurudumu likianza kuyumba, dereva na abiria wote wako mikononi mwa Mungu.

Nikafanya ninachokijua. Nikatoa mafuta, nikapaka usukani, nikapaka tangi, nikakemea roho ya uharibifu kwa sauti mpaka fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine yake asikilize. Hapo sioni kosa. Mungu tunayemwabudu husikia hata maombi ya pikipiki. Kosa langu lilikuja baada ya amina. Nilimuuliza swali moja: "Ndugu yangu, kule nyumbani kuna nani asiyefurahia maendeleo yako?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kuna baba mkubwa."

Baba mkubwa wake ni mzee aliyepita miaka sabini, anaishi peke yake kando ya njia. Kila siku ndugu yetu akipita na mitungi, mzee husimama uani, hulitazama lile gurudumu, na husema maneno yale yale: "Hiyo pikipiki itakuangusha." Niliposikia hivyo nikatikisa kichwa. Sikusema mzee ni mchawi, wapendwa. Sikusema neno hata moja. Lakini kichwa cha mchungaji kikitikiswa, hayo tayari ni mahubiri.

Siku tisa baadaye, spoki mbili zilikatika kwa pamoja kwenye mteremko wa korongo, akiwa amempakia mama na mtoto. Wakaanguka. Namshukuru Mungu, mama alichubuka mkono tu na mtoto hakuumia. Lakini jioni ile steji ilichemka. Usiku shemasi mmoja, dada yetu, akanipigia simu. "Mchungaji, vijana wanasema wanakwenda kwa yule mzee. Wanasema hata kanisani imethibitishwa."

Kanisani imethibitishwa! Nani alithibitisha? Ni mimi, kwa kutikisa kichwa.

Sisi wa Pwani tunajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Hapa Kwale na kwa majirani zetu wa Kilifi, wazee wameuawa na nyumba zao kuchomwa kwa sababu mtu alisema tu kwamba ni wachawi. Kule Ganze, Kilifi, kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliokimbia watoto wao wenyewe wamepewa hifadhi. Mtu amelea, amesomesha, kichwa kimejaa mvi, na mvi zile zile ndizo zinafanywa ushahidi dhidi yake. Sheria ya nchi yetu inasema wazi, tangu mwaka wa 1925, kwamba kumshtaki mtu kuwa ni mchawi ni kosa la jinai. Kabla ya sheria hiyo, amri ya Mungu ilishatukataza kumshuhudia jirani uongo.

Nilimpigia simu mzee wa mtaa, tukaenda steji pamoja. Tulisimama pale mpaka karibu saa sita usiku. Niliwaambia vijana: "Aliyekosea ni mimi. Sikuthibitisha kitu. Niliuliza swali baya." Wengine walinisikiliza, wengine walinitazama kama mtu aliyehongwa. Hatimaye wakatawanyika. Mzee wa mtaa akaenda kulala jirani na yule baba mkubwa. Mimi nikarudi nyumbani, lakini usingizi haukuja.

Fundi aliyegonga na kusikiliza

Asubuhi nilimchukua ndugu yetu tukaenda kwa fundi mwingine, si yule wake wa kila siku. Huyu ni mzee Mwislamu mwenye kibanda chini ya mwarobaini kando ya barabara kuu. Tukasalimiana, akatupa vigoda. Hakuuliza spoki gani imekatika. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi, akalizungusha gurudumu taratibu, akainama kutazama rimu inavyoyumba kushoto na kulia. Halafu akachukua spana ndogo, akaanza kugonga spoki moja moja, akisikiliza.

Gurudumu lile lina spoki 36. Akazigonga zote, hata zile ambazo hazijawahi kuvunjika. Nyingine zililia kwa sauti kali kama kengele. Nyingine zilitoa sauti nzito, iliyokufa. Alipomaliza alisema, "Tisa zimelegea. Mbili si za pikipiki hii, ni nyembamba. Na beringi imekwisha, shika gurudumu hapa ulisukume." Nikashika. Kweli, lilicheza.

Ndugu yetu akauliza, "Kwa hiyo mzee, hizi ninazonunua ni mbovu?"

Fundi akatikisa kichwa, na yeye alikuwa na haki ya kukitikisa. "Spoki yako haivunjiki kwa sababu ni mbovu, mwanangu. Inavunjika kwa sababu inabeba mzigo wa wenzake."

Akatueleza. Gurudumu linasimama kwa sababu spoki zote zinavuta kwa pamoja. Kila moja inabeba kidogo, na ikizunguka inampa mwenzake. Chache zikilegea, kazi yao haipotei, inahamia kwa zile zilizokaza. Zinapinda na kunyooka, zinapinda na kunyooka, maelfu ya mara kwa siku, mpaka chuma kinachoka. Kinakatikia pale kwenye kiwiko, inapoingia kwenye habu. Wewe unakuja, unaitoa ile iliyokufa, unaweka mpya, unaikaza sana kwa hasira. Zilizolegea umeziacha vilevile. Sasa mpya inabeba ya kwake na ya wenzake tisa. Si itavunjika tu?

Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na mafuta yangu, sikuuliza: "Unabeba nini?"

"Maji."

"Mitungi mingapi?"

"Sita."

Hesabu ni rahisi. Mtungi wa lita 20 za maji ni kilo 20. Mitungi sita ni kilo 120. Dereva mwenyewe ana kilo 65. Jumla ni 185, kwenye barabara ya mawe na mashimo. Kitabu cha pikipiki yake, ambacho hakuwahi kukifungua, kinasema mwisho ni kilo 150, dereva akiwemo.

Wapendwa, mwambie aliye karibu nawe: gonga zote!

Kwa nini, mara tano

Chuoni nilisomea biashara. Kuna jambo moja tulilofundishwa ambalo nililiacha mlangoni nilipoingia huduma, na sasa nimerudi kulichukua. Ni mbinu iliyoenezwa na kiwanda cha Toyota cha Japani. Mashine ikiharibika, usiulize "kwa nini" mara moja ukaridhika. Uliza mara tano, na kila jibu liulize tena. Tulikaa chini ya ule mwarobaini, tukauliza.

Kwa nini spoki zinavunjika? Chache zinabeba kazi ya zote, na mzigo umezidi.

Kwa nini mzigo umezidi? Anabeba mitungi sita badala ya minne.

Kwa nini sita? Jioni kuna mkopo, na baada ya mkopo kuna dawa za mama yake, ambaye ana kisukari.

Kwa nini dawa za mama ziko juu yake peke yake? Hapo akaanza kuongea polepole. Wamezaliwa wanne. Kaka yuko Mombasa, mdogo wake yuko Ukunda, dada ameolewa Mariakani. Wote hupiga simu kumjulia hali mama. Wakishamjulia hali, hukata simu.

Kwa nini hawachangii? Akatazama chini kwa muda mrefu. Akasema, "Mchungaji, sijawahi kuwaomba. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Nikiwaomba, wataona nimeshindwa."

Yule fundi aliacha kuchokora beringi. Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tumeanza na kipande cha waya, tukafika kwenye familia ambamo watatu wamelegea na mmoja anakatika. Na huyo anayekatika ameona aibu kusema naumia, akaona ni rahisi zaidi kuamini kwamba mzee jirani anamroga.

Elisha hakutia chumvi kwenye mitungi

Sasa fungua nami 2 Wafalme sura ya 2. Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza shida yao. Mji umekaa mahali pazuri, lakini maji ni mabaya, na nchi haileti matunda mpaka mwisho. Sisi watu wa Samburu tunawaelewa hawa. Sisi tunajua mji kuwa mzuri na maji kuwa shida. Tukienda Mariakani tunapita mahali panapoitwa Maji ya Chumvi. Jina lenyewe ni historia.

Tazama Elisha alichofanya. Aliomba bakuli jipya na chumvi. Angeweza kupita nyumba kwa nyumba akitia chumvi kwenye kila mtungi. Watu wangefurahi, na kesho wangechota tena maji yale yale mabaya, na nabii angeitwa tena, na tena, na tena. Angekuwa nabii mwenye kazi nyingi sana, na mji ungebaki mgonjwa. Badala yake Biblia inasema alitoka akaenda mpaka kwenye chemchemi, mahali maji yanapoanzia, akaitupa chumvi pale. Mungu akayaponya maji.

Nilipokuwa nasoma haya usiku, niliona ni mahubiri yangu mwenyewe. Mimi nimekuwa mtumishi wa mitungi. Mtu anakuja na shida ya nyumbani, namwombea, anarudi. Mwezi ujao shida ile ile, namwombea tena kwa nguvu zaidi. Namkaza kama ile spoki mpya. Sijawahi kumwambia, "Keti, tugonge zote. Tutoke tuende mpaka chemchemi." Mithali 18:13 inamwita mjinga yule anayejibu kabla hajasikia. Nami nakiri niliomba kabla sijasikia, na nikashuku kabla sijauliza.

Musa naye aliambiwa na mzee

Somo la pili, Kutoka 18. Musa anakaa kuwaamulia watu kuanzia asubuhi hadi jioni, taifa zima limepanga foleni mbele ya mtu mmoja. Kwa macho ya nje ni mtumishi hodari. Lakini baba mkwe wake, Yethro, alikuja kumtembelea, akatazama siku moja tu, akamwambia kwamba hafanyi vizuri. Atachoka yeye, na watu nao watachoka, kwa sababu mzigo ni mzito kuliko uwezo wake. Akamshauri agawe kazi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kwa lugha ya fundi wetu, alimwambia azikaze spoki zote.

Nataka uone jambo moja. Yethro alikuwa mzee, na hakuwa wa kambi ile. Alisimama, akatazama, akasema neno lisilopendeza. Musa angeweza kusema, "Huyu mzee hafurahii huduma yangu. Ananionea wivu." Lakini alimsikiliza, akafanya yote aliyoambiwa, na hilo likaokoa huduma yake.

Sasa rudi kwa yule baba mkubwa kwenye ua wake. "Hiyo pikipiki itakuangusha." Mzee yule aliendesha baiskeli ya mizigo ujanani. Alikuwa anatazama mitungi sita na gurudumu linaloyumba, akasema alichokiona. Lilikuwa onyo la mzazi! Lilitoka mdomoni mwa mzee kama onyo, likafika masikioni mwa kijana kama laana, na mimi, mtumishi wa Mungu, nikaligonga muhuri.

Kuna atakayeniuliza: "Kwa hiyo mchungaji, huamini kwamba pepo wapo?" Naamini, na jina la Yesu linatosha kwao. Lakini soma Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza lilikuwa: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Walitaka jina la mtu. Bwana Yesu alikataa kuwapa jina. Alisema si huyu wala wazazi wake, halafu akashughulika na macho ya yule kipofu. Ukiona maombi yamekuacha na jina la jirani wa kumchukia, ujue kuna mahali yamepinda. Silaha zetu si za kupiga wazee.

Hesabu ya mfuko uliotoboka

Nabii Hagai aliwaambia watu wazitafakari njia zao, kwa sababu mshahara wao ulikuwa unaingia kwenye mfuko uliotoboka. Basi nikachukua karatasi, tukatafakari njia ya pikipiki kwa hesabu.

Kwa mitungi sita anakwenda safari nne, mitungi 24 kwa siku. Kwa mitungi minne pikipiki inakwenda kwa wepesi, anaweza safari tano, mitungi 20. Anapoteza mitungi minne. Faida yake ni shilingi 20 kwa mtungi, kwa hiyo ni shilingi 80 kwa siku. Kwa siku 48 za kazi, karibu miezi miwili, ni shilingi 3,840. Hiyo ndiyo faida aliyokuwa anaikimbilia.

Sasa hasara. Katika muda huo huo spoki zilikatika mara tano. Kila mara, spea na fundi ni shilingi 350, na siku nzima ya kazi imekwenda, kama shilingi 1,000. Mara tano ni shilingi 6,750. Toa 3,840. Alikuwa analipa shilingi 2,910 kwa haki ya kujichosha. Na sijaandika hapo mkono wa yule mama. Sijaandika damu ya mzee ambayo ilibaki kidogo tu imwagike.

Kilichofuata

Nisikudanganye kwamba kila kitu kimenyooka. Fundi alitoa spoki zote, akaweka seti nzima ya aina moja na unene mmoja, akaweka beringi mpya, akakaza kidogo kidogo akizunguka, bila kuzidisha, maana ikikazwa mno nayo hukatika. Kisha akasema, "Rudi baada ya siku tano nizikaze tena. Spoki mpya hujipanga zikishapata mzigo, lazima zilegee kidogo." Andika hilo moyoni, mpendwa. Wengi huokoka Jumapili na hawarudi siku ya tano kukazwa.

Gharama ilikuwa kubwa kwake, na idara ya vijana ikachangia nusu. Ndugu yetu aliwapigia simu ndugu zake watatu, mikono ikitetemeka, nikiwa nimekaa pembeni. Dada alilia, akasema hakujua, na jioni ile akatuma alichokuwa nacho. Yule wa Ukunda ameahidi kulipia dawa mwezi mmoja na kuacha mmoja. Kaka mkubwa bado hajapokea simu. Tunaendelea kumpigia, na tunaendelea kumwombea. Spoki moja ikibaki imelegea, haina maana tuache kukaza nyingine.

Halafu tukaenda kwa baba mkubwa. Ndugu yetu alipiga magoti uani. Mimi nami nilipiga magoti, suruali ya Jumapili na yote. Nikamwambia mzee nilichouliza ofisini na jinsi nilivyotikisa kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alisema tu, "Mchungaji, nyumba yangu iko njiani. Ungekuja kunisalimu." Akaita jirani alete chai.

Miaka mitatu nimekuwa mchungaji msaidizi hapa. Nimepita njia ile mara nyingi kwenda kwenye mikesha. Sikuwahi kusimama.

Wiki hii tufanye hivi

Moja. Kama kuna kitu maishani mwako kinachovunjika mara kwa mara mahali pale pale, iwe ni ndoa, biashara, hasira au deni, usikimbilie kununua kipya. Keti na mtu mmoja unayemwamini, ulize "kwa nini" mara tano. Usikubali jibu lolote ambalo ni jina la mtu kabla hujamaliza zote tano.

Mbili. Kama wewe ndiye unayebeba, sema. Wagalatia 6 inatuagiza kubebeana mizigo, na mistari michache baadaye inasema kila mtu ana furushi lake. Furushi lako libebe. Mzigo unaowazidi wenzako wote, omba usaidiwe. Kunyamaza mpaka ukatike si imani.

Tatu. Kama wewe ndiye uliyelegea, jikaze. Wewe unayepiga simu kumjulia mama hali, tuma na kitu. Na hapa kanisani, wale wale watano wanaofagia, wanaopika, wanaolala mkesha, wanaozika wafu wetu, wanachoka kama chuma. Kila Jumapili tunawapigia makofi. Wiki hii chukua ufagio.

Nne. Msalimu mzee mmoja ambaye nyumba yake iko njiani kwako. Simama, zima pikipiki, kaa. Na ukisikia mtu anatajwa kuwa mchawi, iwe ni steji, kisimani au hata kwenye maombi, usitikise kichwa. Mpigie simu mchungaji au mzee wa mtaa saa hiyo hiyo.

Tano. Madereva wa boda, Jumamosi saa tatu asubuhi njooni uani mwa kanisa na pikipiki zenu. Yule mzee fundi amekubali kuja kutufundisha kugonga spoki na kusikiliza. Si lazima uwe wa kanisa letu, njoo tu. Yeye mwenyewe si wa kanisa letu.

Maombi

Baba yetu uliye mbinguni, wewe unazijua spoki zote, zinazolia na zilizonyamaza. Utusamehe tuliotafuta mtu wa kulaumu kabla ya kutafuta chanzo. Linda wazee wetu katika nyumba zao usiku huu. Waimarishe waliolegea, wapumzishe wanaobeba peke yao, na utupe unyenyekevu wa kuketi, kuuliza na kusikiliza. Tufikishe kwenye chemchemi, ututie chumvi yako pale. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

*Kwa vikundi vya nyumbani:* (a) Ni kitu gani nyumbani kwenu kimetengenezwa mara nyingi bila kuulizwa sababu? (b) Ni onyo gani la mzee ulilolichukua kama laana? (c) Katika kikundi hiki, nani anabeba mzigo wa wenzake, na nani ataanza kumsaidia kabla ya Jumapili? Msiondoke bila jibu la swali la mwisho.